Nishani Hii Ni ya Nani?

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Sasa je, yule aliyecheza ugenini, akatuzwa na wageni, kisha akarudi kwao akasahauliwa? Ndugu msomaji, hilo ndilo swali lililonikosesha usingizi likizo iliyopita.

Nyumbani kwetu Mbooni, Makueni, kuna kikebe cha ugoro. Ndani mna nyota ya shaba yenye pembe sita, Nyota ya Burma. Baba yake babu na mdogo wake walikuwa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles. Sisi twasema nyota ni ya mkubwa. Jamaa zetu wa Mutomo, kule Kitui, ambao ni uzao wa yule mdogo, wanasema ni yao, ati sisi tuliiazima siku ya matanga tukakataa kuirudisha! Wenyewe wote wawili walishafariki. Nikaigeuza nyota mbele na nyuma nikitafuta jina. Wapi!

Mwalimu wa historia ndiye aliyenifumbua macho. Nyota zile alipewa kila askari aliyefika katika uwanja ule wa vita, na Uingereza ilizitoa bila majina. Nishani ya ushujaa, kama Military Medal, ndiyo iliyochongwa namba na jina la askari ukingoni, nayo waliipata wachache. Ile ya juu kabisa, Victoria Cross, alipewa Sajini Nigel Leakey wa KAR, mlowezi aliyezaliwa Kenya, ambaye aliparamia kifaru cha adui huko Colito, Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941, akafa siku hiyo. Aliistahili, sibishi. Lakini katika vita vile vyote hakuna askari Mwafrika wa KAR hata mmoja aliyeipata. Je, mwaka 1944, Waafrika Mashariki walipowafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw hadi Kalewa, kwenye mvua na matope, hapakuwa na shujaa miongoni mwao?

Najua wapo watakaosema, "Aa, achana na hivyo vyuma vya mkoloni!" Hawakosei sana. Mwaka 1938 serikali ile ile iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao, hata Muindi Mbingu akaongoza watu hadi Nairobi kulalamika. Mwaka uliofuata vita vikaanza, ikarudi kwa watu wale wale kutafuta vijana! Tena wakati wa Mau Mau, miaka ya 1950, kuna waliozitupa nishani zao wakiogopa kuitwa vibaraka. Tarehe 1 Novemba 2023, Mfalme Charles alipozuru makaburi ya vita ya Kariokor, Nairobi, aliwapa wazee wachache nishani nyingine badala ya zile walizozipoteza. Wachache tu, tena miaka karibu themanini baada ya vita kwisha. Sisi tutangoja mfalme afike Mutomo?

Maoni yangu ni haya, wanafunzi wenzangu. Kutunza nishani si kumsifu mkoloni, ni kumheshimu aliyeivaa. Ukienda likizo, uliza: hii ni ya nani? Alipigana wapi? Aliporudi alikuta nini nyumbani? Andika jina, kijiji na mwaka kwenye karatasi, uiweke pamoja na nishani. Usikubali iuzwe kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu kwa bei ya soda. Na chama chetu cha Kiswahili kiweke daftari moja maktabani, majina ya mashujaa wa Kitui na Makueni yaandikwe humo, waliotuzwa na wasiotuzwa.

Mimi nimeshaanza. Katika ukurasa wangu wa kwanza nimeandika majina mawili kwa nyota moja, la Mbooni na la Mutomo. Nyanya wa Mutomo alipopata habari alicheka sana, akasema, "Basi mjukuu wangu, ikae tu huko kwenu. Bora wote wawili wamo."

Alamsiki.