Mkulima kijana, fungua geti: wanafunzi waje shambani, halafu twende nao msituni

Najua wengi wenu mnasubiri kusikia habari za mbegu, dawa au bei ya matikiti sokoni. Leo naomba mnivumilie kidogo, nataka kuongelea wanafunzi. Usikimbie kwanza. Hili jambo linagusa pampu yako na mfuko wako, na nitakuonesha jinsi gani.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma, shule moja ya sekondari upande wa Kibaha iliniomba niwasaidie kupeleka wanafunzi kwenye msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, pale Kisarawe. Nikafurahi, nikapanga kila kitu. Tukakodi Costa, tukaenda, tukatembea kwenye njia za msituni, tukafika kwenye mapango ya zamani ya machimbo yenye popo. Tukapiga picha nyingi kwa simu ya mwalimu, tukala wali, tukarudi. Siku ya furaha kabisa.

Wiki iliyofuata nikapita shuleni, nikawauliza kidato cha pili: "Enhe, mlijifunza nini kule?" Binti mmoja akasimama: "Tumejifunza misitu ni mizuri, bwana shamba." Kijana wa nyuma akaongeza: "Na kuna popo." Basi. Darasa zima likanyamaza.

Nilitoka pale nimeinamisha kichwa. Halafu wakati napita nyuma ya madarasa nikaona kitu kingine. Vijana sita wanalima bustani ya shule jua la saa saba. Nikauliza, nikaambiwa hao ni wachelewaji, wanatumikia adhabu.

Hapo ndipo nilipoelewa tunachowafundisha watoto bila kujua: msitu ni pikiniki, shamba ni adhabu. Mtoto akikua na hayo mawili kichwani, akimaliza shule atafanya nini? Shamba atalikimbia. Msituni atarudi siku ana shida ya hela, na atarudi na panga na shoka kutafuta magunia ya mkaa.

Tulishawahi kuwa na wazo zuri

Wazo la kujifunza kwa mikono sio jipya nchini kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe pia sehemu ya uzalishaji, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, sio kulima tu. Na hapa hapa Kibaha kuna mfano wa zamani kuliko huo. Mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki ulioanza 1963 uliweka mahali pamoja shule ya sekondari, kituo cha mafunzo ya wakulima na kituo cha afya, ili kupambana na ujinga, umaskini na maradhi kwa pamoja. Mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa serikali yetu, na ndio hili Shirika la Elimu Kibaha tunalolijua.

Sasa nini kilitokea? Kwenye shule nyingi jembe lilibaki, ile sehemu ya kupanga, kupima na kuhesabu ikapotea. Mwanafunzi akawa kibarua asiyelipwa. Ndio maana wazazi wengi wakisikia "kazi za mikono shuleni" wanakunja uso, na mimi siwalaumu.

Kuanzia 2024 tuna mtaala mpya wenye mkondo wa amali, na kilimo kimo. Walimu wengi ninaokutana nao wana nia kabisa, wanachokosa ni mahali. Mwalimu anafundisha umwagiliaji wa matone kwa kuchora ubaoni, wakati wewe una mipira ya matone imelala shambani umbali wa dakika ishirini kwa bodaboda. Shamba lako lina kitu ambacho bustani ya shule haina: kuna pesa ya kweli ndani, kuna faida na kuna hasara. Mtoto anahisi tofauti hiyo mara moja.

Kazi tatu za kuwapa

Mimi siamini ziara ya "karibuni, hii ni nyanya, ile ni pilipili hoho". Wape kazi ya kupima kitu ambacho hata wewe unakihitaji. Nimejaribu hizi tatu na zinakubali.

Ya kwanza ni kupima mvua. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke sehemu ya wazi, kila asubuhi wanafunzi wapime kwa rula na kuandika. Halafu hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Ekari ni kama mita za mraba 4,047. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 inashusha kama lita 40,000 kwenye ekari yako moja. Yaani simtanki 40 za lita elfu moja, bure! Waambie wapige hesabu ya mafuta ya pampu kwa maji hayo. Nimeona vijana wa kidato cha tatu wakishika vichwa.

Ya pili ni maua ya matikiti. Tikiti lina maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. Jike utalijua kwa kitunda kidogo kilichokaa chini ya ua. Jioni, wanafunzi wachague maua jike 10 yanayokaribia kufunguka, wayafunike kwa vipande vya chandarua, na mengine 10 wayawekee alama tu bila kuyafunika. Waje waangalie siku zinazofuata. Yaliyofunikwa yatanyauka na kudondoka, kwa sababu nyuki hakufika. Na hapa hata wewe mkulima unapata somo: ukipiga dawa ya wadudu saa tatu asubuhi wakati maua yamefunguka, unaua wafanyakazi wako mwenyewe. Piga jioni nyuki wakisharudi. Kuna kijana wa Mlandizi alikuwa analalamika mbegu feki kila msimu, kumbe tatizo lilikuwa saa ya kupiga dawa, na aliyemgundulia ni mwanafunzi aliyekuwa anahesabu maua.

Ya tatu ni kuangalia ardhi inavyonywa maji. Chukua kopo kubwa la maziwa, toa kitako na mfuniko, lichomeke kidogo ardhini, mwaga maji kiasi kilekile kila mara, tumia saa kuona yanachukua muda gani kuzama. Pima kwenye njia inayokanyagwa, pima kwenye tuta lenye matandazo, pima kwenye tuta tupu. Waandike kwenye daftari. Namba hizo wazitunze vizuri, kwa sababu ndizo zinazotupeleka msituni.

Sasa twende msituni, tukiwa na swali

Safari ya msitu inafaa mtoto akiwa ameshatoka shambani na swali kichwani. Akiwa na namba zake za kopo la maziwa, akifika Pugu-Kazimzumbwi anataka kujua: hapa chini ya miti, kwenye majani yaliyooza, maji yatazama kwa dakika ngapi? Mnaomba ruhusa kwa maofisa wa TFS wanaosimamia hifadhi, mnapima pale wanapowaonesha, hamng'oi kitu, hambebi kitu. Tofauti ya namba ndiyo mwalimu mwenyewe. Huna haja ya kumhubiria mtoto kwamba misitu ni mizuri.

Kisha umwoneshe maji yanakoenda. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi vya Kisarawe na Pugu, unateremka kupita Dar es Salaam hadi bondeni Jangwani, pale ambapo kila masika kubwa tunaona nyumba zimezama kwenye taarifa ya habari. Mtoto wa Kisarawe anatakiwa ajue kwamba yeye ni mtu wa juu ya mto, na kinachofanyika kwao kinafika kwa watu wa chini.

Na sisi pia tuna watu wa juu yetu. Maji ya Ruvu ambayo wewe unavuta pale Mlandizi yanatoka milima ya Uluguru, Morogoro. Kule ndiko kuna msitu wa mvua hasa. Baadhi ya miteremko ya mashariki ya Uluguru inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati sisi huku Pwani tunazunguka kwenye elfu moja. Msitu ule unapokea mvua, ardhi inainywa, kisha inaachia maji polepole hata kiangazi. Ukikatwa, mvua inashuka yote kwa mara moja na tope lake, halafu kiangazi mto unabaki mchanga.

Na maji hayo sio ya pampu yako peke yako. Mtambo wa Ruvu Juu upo Mlandizi, Ruvu Chini upo Bagamoyo, na Dar es Salaam inategemea mito hiyo hiyo. Hata mji wa Kisarawe, ambao una msitu wake mlangoni, tangu 2020 unapata maji ya bomba yanayotoka Ruvu. Mwishoni mwa 2021 mto ulipungua, Dar ikaanza mgao wa maji. Maji yakiwa machache, unadhani nani anaangaliwa kwa jicho baya kwanza? Ni wewe mwenye pampu ya umwagiliaji. Ndio maana nakwambia kila siku, hakikisha una kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu. Lakini kibali hakijazi mto. Mto unajazwa na watu walioko milimani wanaoamua kuacha mti usimame, na watu wa chini wanaojua thamani yake.

Kwa hiyo safari ya pili, kama uwezo upo, ni kufuata mto kuelekea juu. Kutoka Kibaha hadi Morogoro ni kama kilomita 150. Mnasimama daraja la Ruvu mnachota maji kwenye chupa, mkifika kwenye kijito cha mlimani mnachota tena. Mnaziweka chupa mbili juu ya meza darasani, mnaziangalia zikituama. Hiyo chupa ya tope watoto hawaisahau.

Najua mtasema

"Wataniharibia miche." Kweli, wanafunzi 45 kwa mpigo watakuharibia. Pokea 15, na mwalimu awepo muda wote. Wapitie njia moja. Siku hiyo na siku kabla yake usipige dawa, na stoo ya viuatilifu ifungwe kwa kufuli. Hili la mwisho sina utani nalo.

"Nitapata vibarua wa bure?" Hapana. Ukiwapa majembe wapalilie nusu ekari, umerudia kosa lilelile la adhabu, tena safari hii kwa faida yako. Mimi sitakuunga mkono, na mkuu wa shule mwenye akili atakufungia mlango. Kazi yao ni kupima, kuandika na kukuuliza maswali magumu.

"Hiyo ni kazi ya serikali." Sawa, na serikali ifanye sehemu yake. Lakini wakati unasubiri, mtoto wa jirani yako anamaliza kidato cha nne. Mwaka kesho ndiye atakuwa kibarua wako, au mteja wako, au mlinzi wako, au mkata mkaa kwenye chanzo cha maji yako.

"Sina hela ya Costa." Tuseme Costa inakodishwa laki tatu na mpo wakulima kumi kwenye kikundi. Ni elfu thelathini kwa kila mmoja, mara moja kwa mwaka. Angalia unatumia kiasi gani kwa vocha.

Anza hivi

Usianze na wanafunzi, anza na walimu. Alika walimu wawili watatu Jumamosi moja, wavae buti, wafanye zile kazi tatu wao wenyewe kwanza. Mwalimu ambaye hajawahi kushika ua la tikiti hataweza kumshikisha mtoto. Hata msituni waende wao kwanza, wajue njia, wajue choo kiko wapi, wajue watauliza nini. Mimi kosa langu la mwanzo lilikuwa hapo hapo: niliwaruka walimu, nikawa mwongoza watalii.

Baada ya hapo mwone mkuu wa shule na afisa elimu kata, muandikiane barua, wazazi wapewe taarifa. Kwenye kata yako mwone afisa ugani wako, hiyo ni kazi yake, asikukwepe.

Ile shule niliyoianza nayo tulirudi kwao mwaka uliofuata kwa utaratibu huu mpya. Yule binti wa "misitu ni mizuri" safari hii alisimama mbele ya kopo la maziwa msituni, maji yamezama kabla hajamaliza kuandika muda. Akanigeukia: "Bwana shamba, sasa kwa nini shamba la shule yetu tunafagia majani na kuyachoma?"

Sikuwa na jibu. Mwalimu wake pia hakuwa nalo. Jumatatu yake majani hayakuchomwa, yaliwekwa kwenye matuta.

Fungua geti, kijana mwenzangu. Tukutane shambani.