Nshinga Inayopita Juu ya Kijiji



Kijana mmoja alinifuata kiisha ibada akaniuliza: "Pasta, ile nshinga kubwa ya Inga inapita juu ya mugini yetu, na shiye tuko tunakaa mu giza. Kama tunakamata ka moto kidogo, ni zambi?" Sikucheka. Ni ulizo la haki, na najua si yeye peke yake anayejiuliza hivyo.

Kijana wangu, tuache kwanza dhambi, tuongee juu ya nshinga yenyewe. Ilimalizika mwaka 1982, toka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1.700. Moto unaopita ndani si ule wa nyumbani. Kule Inga wanaugeuza uende upande mmoja tu, maana kwa safari ndefu hivi unapotea kidogo njiani. Nguvu yake ni volti 500.000. Kolwezi kuna mashini kubwa za kuugeuza tena, na kituo cha namna hiyo kinaomba pesa nyingi sana. Hakiwezi kuwekwa katika kila kijiji. Na mtu anayepanda kule juu, moto haungoji aguse waya: unamrukia. Basi usipande. Mama yako anakuhitaji.

Wengine hawapandi, wanafungua vyuma vya nguzo na kwenda kuviuza. Nguzo ikianguka, machimbo yanasimama, na hospitali pia. Huo ni wizi, sitafuti neno la kulainisha.

Lakini ulizo lako lina mzizi mwingine: waliopanga walihesabu nini? Walihesabu shaba. Inga ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1972, megawati 351. Ya pili mwaka 1982, megawati 1.424. Nshinga ililetwa kwa ajili ya viwanda vya madini. Na sisi huku tulikuwa na maporomoko yetu: Mwadingusha tangu 1930, kiisha Koni, Nzilo na Nseke. Wengi wanasema ilikuwa pia namna ya kufunga Katanga na Kinshasa kwa kamba moja. Mimi nafikiri hawasemi uongo. Kijiji hakikuwa katika hesabu.

Katika Luka 14 Bwana Yesu anaongea juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba akae kwanza ahesabu gharama. Sisi wahubiri tunasimama pale kwa mawe na mchanga. Lakini mtambo wa maji una hesabu isiyokwisha: kuondoa mchanga unaojaa mbele ya turbini, vipuri, transfo, mafundi waliosoma, na watu wanaolipa faktire. (Ndiyo, hata wewe mzee wa kanisa.) Mitambo ya Inga ilisimama mmoja mmoja kwa kukosa matengenezo. Mwadingusha ulitengenezwa upya, kazi ikamalizika mwaka 2021, na pesa zilitoka kwa kampuni ya madini iliyohitaji moto. Mwenye kuhitaji alikaa, akahesabu, akapata.

Mama yeye anangoja na mbabula. Miombo ya kandokando ya Lubumbashi imegeuka makala, na leo magunia yanatoka mbali, juu ya kinga, na bei inapanda pamoja na njia.

Mwezi wa sita mwaka 2025 Banki ya Dunia ilikubali dola milioni 250 za kwanza kwa programu ya Inga 3. Vizuri. Lakini mimi natazama zaidi sheria ya Juni 2014, iliyofungua mlango ili wengine pia, si shirika la Serikali peke yake, waweze kutoa na kuuza umeme. Kule Rutshuru, mtambo wa Matebe ulifunguliwa mwaka 2015, karibu megawati 13. Mbele ya Inga ni kitoto, lakini moto wake unaingia katika nyumba za watu.

Sasa ni zamu yangu kuuliza. Ule mto mdogo nyuma ya kijiji chenu, wakati wa kiangazi unakauka? Nenda mwezi wa tisa, wakati maji yamepunguka sana. Pima upana, pima kina, tupa kijani na uhesabu kinachukua muda gani kupita hatua kumi. Andika katika kaye. Uniletee siku ya nne mchana, halafu tutaenda pamoja kwa chifu.