Punguza dakika, usipunguze jani



Leo siongelei mbolea. Naongelea video mnazonitumia, maana moja iliniponza mimi, na ikamponza zaidi mkulima mwenyewe.

Kijana mmoja wa huku Ilula alirekodi nyanya zake dakika nne nzima. Faili likawa zito, bando halitoshi, akaliminya kwa programu ya simu. Halafu akanitumia WhatsApp, nayo ikaliminya tena. Kilichonifikia ni majani ya kijani yenye mabaka yaliyofifia. Nikamwambia hao ni vidomozi wa kawaida, chuma majani yaliyoshambuliwa, tuangalie wiki ijayo. Nilipofika shambani matunda yalikuwa yameshatobolewa. Alikuwa kantangaze. Nilikosea mimi, nilipaswa kusema "sioni vizuri, tuma tena."

Tofauti yenyewe ni ndogo. Kidomozi wa kawaida huchora mstari mwembamba unaopindapinda kwenye jani. Kantangaze hula katikati ya ngozi mbili za jani na kuacha baka pana, na ndani ya baka unaona kinyesi cheusi kama chembe za pilipili manga. Sasa, programu inapominya video inatunza maumbo makubwa na inafuta vitu vidogo kwanza. Chembe zile ndizo za kwanza kuondoka.

Kwa hiyo wale wanaowaambia "minya tu, ubora unabaki palepale" mimi sikubaliani nao. Ukiminya kwa njia hizi lazima kuna kitu unatupa. Swali ni unatupa nini, na maoni yangu ni kwamba vijana wengi mnatupa jani huku mnabakiza dakika tatu za kutembea kwenye matuta na kunisalimia.

Anza kwenye mipangilio ya kamera, kabla hujarekodi. Chukua mfano wa iPhone, kwa sababu Apple wanaonyesha makadirio humo humo: dakika moja ya 4K yenye fremu 60 kwa sekunde ni kama MB 400. Dakika hiyo hiyo kwa 1080p na fremu 30 ni kama MB 60. Ukirekodi sekunde 20 tu, una MB 20 hivi, na hujaminya chochote. Simu nyingine zinatofautiana, lakini hesabu inaenda hivyo hivyo. Jani halikimbii, fremu 60 za nini?

Pili, tuliza mkono. Hili watu hawaliamini mpaka nieleze. Video huhifadhiwa kwa kuandika zaidi kile kilichobadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Ukitikisa simu, au jani likipeperushwa na upepo, kila kitu kinabadilika kila fremu, basi faili linavimba au picha inachakaa. Shika jani kwa mkono mmoja, egemeza kiwiko, gusa kioo cha simu palipo na baka, subiri picha itulie ndipo ubonyeze.

Ukishamaliza, kata mwanzo na mwisho kwenye galari. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Kama video bado ni kubwa, mfano umerekodi mafunzo ya kikundi, tumia kompyuta. HandBrake ni programu ya bure. Acha ukubwa wa picha kwenye 1080p, chagua H.265, ambayo kwa ubora unaokaribiana hutoa faili linaloweza kufika nusu ya lile la H.264 (ila simu na kompyuta za zamani zinaweza kugoma kulifungua). Kisha kuna namba ya ubora inaitwa RF. Namba ndogo ni picha nzuri na faili kubwa. Anza na 22, tazama matokeo kwenye kioo kikubwa, usitazame kwenye simu, halafu panda au shuka taratibu. Na kila mara anza na video ya asili. Kuminya kilichominywa ndiko kulikotuumiza mimi na yule kijana. Video ya asili usiifute mpaka msimu uishe.

Wakati wa kutuma WhatsApp, itume kama hati, usiitume kama video. Ikienda kama hati haiminywi tena, na inapokea hadi GB 2. Najua bando linauma. Dawa ya kupuliza bure inauma zaidi.

Ila niseme ukweli wangu wote: kwa jani, sitaki video kabisa. Fremu moja ya 1080p ina nukta kama milioni 2. Picha ya kawaida ya simu nyingi ina milioni 12, na faili lake ni MB chache. Nitumie picha tatu, nazo kama hati: juu ya jani, chini ya jani, na mmea mzima. Video iwe ya vitu vinavyohitaji mwendo, kama kuku anayechechemea, bomba la kupulizia linalotoa matone makubwa upande mmoja, au mpira wa matone unaovuja.

Na wewe uliyenitumia dakika saba za pilipili hoho tangu Jumatatu, bado inapakuliwa. Nitumie picha tatu leo kabla ya jioni.