Patroni wa Goma, tafuta avoka siku ya kuajiri, si siku ya kufukuza

Kuna desturi mbaya katika biashara ndogo za mji wetu, na inafaa tuiseme wazi. Patroni anaajiri watu kwa mdomo, anawalipa mkononi, hakuna karatasi hata moja. Siku anapowafukuza, au siku barua ya inspekta wa kazi inapofika mlangoni, ndipo anakumbuka kwamba maavoka wapo. Anakimbia kumtafuta mmoja, anamlipa dola, na kazi ya avoka huyo inakuwa moja tu: kumtisha mfanyakazi ili akubali franga kidogo na aende zake.

Mimi nasema hiyo ni pesa ya kutupa, tena ni uonevu. Pesa hiyo hiyo, pengine hata nusu yake, ingetosha kumlipa avoka siku ya kwanza aandike kontra nzuri ya ukurasa mmoja au mbili. Kontra hiyo ingemlinda patroni na ingemlinda mfanyakazi.

Ndugu wasikilizaji, na zaidi ninyi muliokuwa Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, munajua vizuri ninachosema. Vita vilipofika karibu na Sake mwezi wa Februari 2024, familia nyingi zilikuja kujaza kambi, na asubuhi watu walishuka mjini kutafuta kazi. Walibeba magunia, waliosha vyombo katika mikahawa, walivunja mawe ya volkano kwenye majengo, walilinda depo usiku. Kwa patroni asiye na huruma, mtu aliyekimbia vita ni mfanyakazi wa bei rahisi: hana ndugu wa kumsemea, na ana watoto wanaongoja unga jioni. Ukimfukuza bila kumlipa, atalalamika wapi?

Jibu liko katika sheria. Kodi ya kazi, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, haikuandikwa kwa ajili ya makampuni makubwa ya Kinshasa peke yake. Inamhusu kila mwajiri wa kawaida hapa nchini, hata mwenye butiki ya wafanyakazi wawili.

Patroni wengi wanafikiri kwamba pasipo karatasi hakuna deni. Wamekosea kabisa. Sheria inasema kontra iwe ya maandishi, na kama hakuna maandishi, kazi inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na mfanyakazi anaruhusiwa kuthibitisha kwa njia yoyote ya haki kwamba alifanya kazi. Kwa hiyo karatasi isiyoandikwa inamwangukia patroni mwenyewe.

Wengine wanajificha nyuma ya neno "jurnalie". Wanasema: huyu nilimchukua kwa siku moja moja, sina kontra naye. Ni kweli, kazi ya siku moja moja hailazimiki kuandikwa. Lakini sheria imeweka mpaka: mtu akisha kufanya siku 22 katika muda wa miezi 2, ukimchukua tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa muda usio na mwisho. Ni wangapi katika mji huu wanaitwa jurnalie, na wako mahali pamoja tangu mwaka mzima?

Sasa tupige hesabu, maana patroni anaelewa hesabu. Tuchukue mfano wa mfanyakazi anayelipwa mshahara uliokuwa wa chini katika amri ya 2018, franga 7.075 kwa siku. Amefanya kazi miaka 3. Kabla ya kumwachisha kazi bila kosa zito, ni lazima kumpa taarifa ya siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka kamili. Jumla ni siku 35, yaani franga 247.625. Na kama ulimfukuza bila sababu halali, na hukumrudisha kazini, tribinali inaweza kukutoza fidia mpaka mishahara ya miezi 36. Kwa siku 26 za kazi kila mwezi, hiyo inaweza kufika franga 6.622.200. Linganisha na malipo ya avoka ya kuandika kontra. Ipi ni ghali?

Najua majibu ya patroni. La kwanza: taksi ni nyingi, biashara inasumbuka. Ni kweli, taksi zinawachosha. Lakini taksi haikukopeshwa na mwanamke anayeosha sahani zako. La pili: vita vimeharibu kila kitu. Hilo pia ni kweli, barabara zikikatika mali haifiki. Lakini sheria inalijua jambo hilo. Janga linalomzuia mtu kutimiza wajibu wake linaweza kusimamisha kontra kwa muda, ila ni inspekta wa kazi anayepaswa kulithibitisha. Si patroni anayeamka asubuhi na kusema "ni vita, nendeni", huku mlango wa nyuma anaingiza wengine wa bei ndogo zaidi.

Jibu la tatu ni kwamba avoka ni wa matajiri. Hapo ninawakumbusha kuwa kuna njia. FEC na COPEMECO ziko kwa ajili ya wenye biashara. Kwa nini zisiwakusanye patroni kumi wa soko la Virunga au wa Birere, wachange, wamlipe avoka mmoja awaandikie kontra za mfano, awaeleze na mambo ya CNSS? Kama munaweza kuchanga likelemba kununua mali, munaweza kuchanga kwa ajili ya hilo. Na kabla ya kulipa, hakikisha mtu huyo ameandikwa kweli katika baro, muulize kama amewahi kushughulikia kesi za kazi, na mupatane bei kwa maandishi. Mjini kuna watu wenye tai na mfuko wa karatasi wanaojiita avoka, na sivyo walivyo.

Kwa maavoka wenyewe nina neno. Mteja akija kwako akitaka umtishe mtu aliyekimbia vita, mwambie kwanza anachodaiwa. Utamsaidia zaidi kwa kumwambia ukweli mapema kuliko kumsindikiza tribinali kupoteza.

Na wewe ndugu uliyekimbia vita, usingoje patroni abadilike. Chukua daftari ya watoto, andika kila siku uliyofanya kazi, kiasi ulicholipwa na majina ya wenzako mliokuwa nao. Ujumbe wa simu kutoka kwa patroni usiufute. Ukifukuzwa, nenda kwa inspekta wa kazi: ndipo kesi yoyote ya kazi inapoanzia, kwa upatanisho, kabla ya kufika tribinali, na pale hulazimiki kuwa na avoka. Usikawie, maana madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka 1. Upatanisho ukishindikana na huna uwezo, kwenye baro kuna biro ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Uliza huko.

Patroni mwenye nia njema hana cha kuogopa katika haya yote. Wiki hii, kabla ya kumwita mtu mwingine kubeba magunia yako, hesabu wale ulio nao. Angalia nani amepita siku 22. Kisha umtafute avoka, mukae pamoja na mfanyakazi wako, kontra isomwe kwa Kiswahili mpaka kila mmoja aelewe, ndipo musinye wote wawili na kila mmoja abaki na kopi yake.