Hukumu ya Siku Tatu

Imekuwa desturi katika Marekani kwamba kila mwanzo wa juma hutangazwa orodha ya mapato ya majumba ya sinema. Filamu hupangwa kama wanafunzi baada ya mtihani: juu ile iliyokusanya fedha nyingi, chini ile iliyokusanya chache. Orodha hiyo ilianza kama chombo cha wafanyabiashara, na kwa kazi yao haina lawama. Mwenye duka hana budi kujua kilichouzwa na kilichosalia. Walakini chombo hicho kimetoka dukani kikaingia magazetini, na kutoka magazetini kikaingia vitabuni na madarasani, mpaka hesabu ya siku tatu za kwanza, Ijumaa hadi Jumapili, husomwa kama hukumu ya kadhi juu ya thamani ya kazi ya sanaa. Hukumu hiyo ni batili, na ubatili wake hudhihirika zaidi katika filamu za hali halisi zihusuzo sanaa, ambazo aghalabu huonyeshwa katika majumba machache tu.

Mfano mmoja watosha. Mwezi wa Desemba 1994 watu watatu waligundua pango katika bonde la Ardèche, kusini mwa Ufaransa, nalo likaitwa Chauvet kwa jina la mmoja wao. Katika kuta zake wamo simba, vifaru, farasi na dubu waliochorwa zaidi ya miaka 30,000 iliyopita, kwa mkono thabiti ambao mchoraji wa leo angeweza kuuonea wivu. Serikali ya Ufaransa haikulifungua pango hilo kwa watu wote, maana ilikwisha pata funzo chungu katika pango la Lascaux. Lascaux lilifunguliwa kwa wageni mwaka 1948, likafungwa mwaka 1963 kwa sababu pumzi za watazamaji zilikuwa zikiharibu kile walichokuja kukistaajabia. Kwa hiyo Chauvet likawa hazina ya wanadamu wote ambayo wanadamu karibu wote wamezuiwa kuitazama kwa macho yao.

Werner Herzog, Mjerumani aliyezaliwa Munich mwaka 1942, alipata idhini ya kuingia humo na kamera. Aliruhusiwa kuwa na wenzake watatu tu, kwa saa chache kila siku, na taa zisizotoa joto. Na miguu yao haikupewa ruhusa ya kutoka katika njia nyembamba ya chuma iliyowekwa juu ya sakafu ya pango. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba alijitolea kuifanyia kazi serikali ya Ufaransa kwa ujira wa euro 1. Alipiga picha zenye kina, zile ambazo mtazamaji huvaa miwani maalumu ili azione, kwa kuwa wachoraji wa kale walitumia mabonde na vilima vya mwamba kuwapa wanyama wao mabega na mashavu. Filamu hiyo, Cave of Forgotten Dreams, ilionyeshwa Toronto mwezi wa Septemba 2010, ikaingia katika majumba ya Marekani tarehe 29 Aprili 2011.

Siku hiyo hiyo iliingia filamu nyingine, Fast Five, yenye habari za wezi na magari ya kasi. Hii ilifunguliwa katika majumba 3,644, ikakusanya dola milioni 86 kwa siku tatu. Ile ya pango ilifunguliwa katika majumba 5, ikakusanya zaidi ya dola 120,000. Orodha ilipotoka, moja ilikaa kileleni na nyingine ilikaa chini ambako macho ya msomaji hayafiki. Aliyesoma orodha na kuamini aliondoka na yakini kwamba watu wanapenda magari zaidi ya mara 600 kuliko wanavyopenda sanaa ya wahenga wa dunia.

Lakini mtoto wa shule ajuaye kugawanya angeweza kumtoa katika dhana hiyo. Fast Five ilipata dola 23,600 hivi katika kila jumba. Filamu ya pango ilipata zaidi ya dola 24,000 katika kila jumba. Mlango kwa mlango, filamu mbili hizi zilikwenda sambamba, na iliyo ndogo ilitangulia kwa hatua moja. Tofauti kubwa iliyoonekana katika orodha ilitokana na idadi ya milango. Na idadi ya milango haikuamuliwa na mtazamaji hata mmoja. Iliamuliwa miezi mingi kabla, na watu walioketi kuzunguka meza, kabla ya tikiti ya kwanza kukatwa.

Watetezi wa orodha wana methali wanayoitegemea: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Husema kwamba filamu ikiwa njema watu wataifuata, na kwamba soko ni baraza la haki ambamo kila mtu hupiga kura kwa fedha yake. Methali ni ya kweli, ila wameisoma nusu. Kati ya filamu iliyongojwa katika majumba 5 na filamu iliyotembezwa katika majumba 3,644 kwa siku moja, ni ipi iliyojitembeza? Na kura gani hiyo ambayo sanduku lake huwekwa katika vijiji vitano, kisha wenyeji wa vijiji vingine wote huhesabiwa kuwa wamekataa? Mtu asiyepewa sanduku la kura hakukataa wala hakukubali. Amenyamazishwa, na kunyamazishwa kwake kumeandikwa kama jibu.

Itasemwa, na ni haki kusemwa, kwamba wastani nao una hila zake. Majumba machache ya filamu kama hizi huwa katika miji mikubwa, palipojaa watu wa kuzipenda. Tikiti ya picha zenye kina ina bei ya juu. Na kama filamu ya pango ingalitawanywa katika majumba 3,000, wastani wake ungalianguka. Hoja hii haipingwi. Lakini wanaoileta hawana budi kuona inawapeleka wapi. Ikiwa hesabu hupanda na kushuka kwa kadiri ya mahali, bei na idadi ya milango, basi hesabu hiyo ni habari ya mahali, bei na milango. Juu ya uzuri wa filamu haijasema neno, wala haikupata kusema.

Uko na ushahidi mwingine, nao ni wa wakati. Fast Five ilikusanya katika Marekani dola milioni 209 hivi kwa jumla. Kwa hiyo katika kila dola 100 ilizopata, 41 ziliingia siku tatu za kwanza. Filamu ya pango ilikusanya huko zaidi ya dola milioni 5, na katika kila dola 100, zilizoingia siku tatu za kwanza hazikufika 3. Maana yake ni kwamba mapato yake karibu yote yalikuja baada ya hukumu kutolewa. Yalikuja polepole, mtu akimwambia jirani yake, jirani akimwambia mkwewe, jumba moja likichukua pale jingine lilipoacha. Filamu moja ni moto wa majani makavu, nyingine ni kaa la mkaratusi chini ya jivu. Na mwenye kupima moto kwa urefu wa ulimi wake katika dakika ya kwanza hataujua ule utakaopika chakula.

Wala hasara ya hukumu hii haiishii katika fahari ya mtunzi. Mwenye jumba husoma orodha ya Jumatatu ili ajue filamu gani aitoe na gani aiingize. Mwaka ule mitambo ya picha zenye kina ilihitajiwa na wengi: Thor iliingia tarehe 6 Mei, na Pirates of the Caribbean: On Stranger Tides tarehe 20 Mei, zote mbili zikitaka mitambo ile ile na miwani ile ile. Filamu iliyo mkiani mwa orodha haina mtetezi katika mashindano hayo. Hutolewa, kisha kutolewa kwake hutajwa kuwa ushahidi kwamba watu hawakuitaka.

Hapa ndipo dhuluma inapofikia kilele. Pango la Chauvet lilifungwa kwa sababu ya haki, ili michoro iishi. Nakala yake ilifunguliwa huko Ardèche mwezi wa Aprili 2015, na hata hiyo yamtaka mtu asafiri mpaka Ufaransa. Kwa mtu wa mji mdogo asiye na nauli, filamu ilikuwa mlango mmoja uliobaki. Orodha ya mapato ililifunga pango mara ya pili, na safari hii hapakuwa na michoro ya kulindwa.

Wafanyabiashara na wahesabu fedha zao. Hiyo ni kazi yao. Lawama iliyo nzito zaidi iwaangukie wasomi wanaochukua tarakimu hizo na kuzitia katika insha zao kama ushahidi wa thamani, pasipo kuuliza filamu ilipewa milango mingapi, kwa siku ngapi, na katika miji gani. Tarakimu isiyofuatana na majibu ya maswali hayo matatu haistahili kuandikwa katika kazi ya elimu. Wachoraji wa Chauvet waliacha simba wao gizani, wala hapakuwa na mtu mlangoni wa kuhesabu walioingia. Simba hao wamengoja zaidi ya miaka 30,000 kutazamwa, na aibu ni ya zama ambazo zimeona siku tatu kuwa muda wa kutosha wa kuwahukumu.