Msitu wa Bukini: Nani Anayedaiwa?

Ndugu waamini, na hasa ninyi viongozi wa walei mnaohudumu katika kamati za haki na amani,

Pana kauli mbili ambazo siku hizi hutumika kuzima kila mjadala juu ya misitu. Ya kwanza husema: "Ni mabadiliko ya tabianchi, sisi tufanye nini?" Ya pili husema: "Ni maskini na moto wao, waondolewe." Tunazikataa zote mbili. Tunazikataa kwa hesabu, na hesabu hiyo tunaichukua Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini.

Mwaka 2020 wanasayansi walichapisha katika jarida la Nature Climate Change utafiti juu ya msitu wa mvua wa mashariki ya kisiwa hicho. Kipimo chao kilikuwa lemuri wa jamii iitwayo Varecia, mnyama anayefanana na komba, asiyeweza kuishi nje ya msitu, ambaye kwa kula matunda hueneza mbegu za miti. Njia yao si uaguzi. Huandikwa mahali mnyama anapopatikana. Mahali hapo hulinganishwa na mvua na joto lake. Kisha kompyuta huulizwa ni wapi patakapobaki pa kumfaa iwapo joto litapanda na mvua kubadilika. Juu ya ramani hiyo hulazwa ramani ya pili, ile ya ukataji wa miti.

Jibu ni hili. Kufikia mwaka 2070, ukataji peke yake waweza kuondoa kati ya asilimia 29 na 59 ya makao ya mnyama huyo. Tabianchi peke yake, iwapo dunia itazidi kuchafua hewa kwa kiwango cha juu, yaweza kuondoa kati ya asilimia 14 na 75. Yote mawili pamoja, kati ya asilimia 38 na 93. Upana wa tarakimu hizo ni ushahidi kwamba wataalamu hawa hawakujifanya manabii.

Lakini zipo tarakimu mbili nyingine, nazo twaomba mzisome kama mnavyosoma daftari la mapato na matumizi la parokia. Ukataji ukikoma ndani ya hifadhi zilizopo, tabianchi bado itaondoa, kwa makadirio ya kati, asilimia 62. Ukataji ukiendelea kama ulivyo, hasara itafika asilimia 81. Maana yake nini? Zile 62 ni deni ambalo mkulima wa Madagaska hawezi kulilipa hata akilitupa shoka lake baharini leo, kwa kuwa nchi yake ni miongoni mwa zile zinazochafua hewa kidogo kabisa kwa kila mtu. Zile 19 zinazoongezeka ndizo zinazoamuliwa kisiwani penyewe. Anayesema "ni tabianchi tu" anazikimbia zile 19. Anayesema "ni maskini tu" anazificha zile 62.

Tuwajibu kwanza wanaosingizia mbingu. Kati ya mwaka 2019 na 2021 kusini mwa Madagaska kulikuwa na ukame mkali. Mvua ya misimu miwili ilikuwa kama asilimia 60 tu ya kawaida. Dunia ikatangaziwa kwamba hiyo ni njaa ya tabianchi. Desemba 2021 watafiti wa World Weather Attribution walionyesha kwamba mchango wa tabianchi katika ukame ule ulikuwa mdogo, kama ulikuwapo. Kilichowaangamiza watu zaidi ni umaskini, ukosefu wa miundombinu na kilimo cha kutegemea mvua pekee. Hayo ni mambo yenye wenyewe, na wenyewe wana ofisi.

Sasa tuwajibu wanaomtwika mkulima kila kitu. Hatukatai kwamba *tavy*, yaani kufyeka na kuchoma mlima ili kupanda mpunga, kunakula msitu. Kati ya mwaka 1953 na 2014 kisiwa kilipoteza asilimia 44 ya misitu yake ya asili, na njaa ya mkulima haiurudishi msitu uliokwisha ungua. Lakini Wafaransa, walipokwisha kukifanya kisiwa koloni mwaka 1896, walipiga marufuku *tavy* huku wakiyagawia makampuni misitu na kuhimiza kahawa. Ilienezwa pia hadithi kwamba kisiwa kizima kilikuwa msitu mpaka wenyeji walipokichoma. Chavua iliyohifadhika katika matope ya maziwa ya nyanda za kati imeonyesha kwamba nyasi na moto vilikuwako kabla ya watu. Na baada ya mapinduzi ya mwaka 2009, wakata magogo waliingia Masoala na Marojejy kutafuta miti ya thamani, ya jamii moja na mpingo wetu, ambayo ilisafirishwa zaidi kwenda China. Je, hiyo nayo ilikuwa njaa ya mkulima?

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, alipokuwa Antananarivo Septemba 2019, alikemea ukataji wa kupita kiasi unaowanufaisha wachache. Lakini aliongeza kwamba kwa wengi kazi hizo ndiyo njia ya kupata riziki, hivyo yapasa kuwatafutia kazi nyingine. Hifadhi isiyomlipa jirani yake ni haki ya nusu, na haki ya nusu ni dhuluma yenye muhuri.

Kwa hiyo, viongozi wetu, ripoti ya namna hii itakapoletwa kijijini kwenu, iwe ni ya msitu, mikoko au chanzo cha maji, msiishangilie wala msiidharau. Ulizeni mambo matatu. Kwanza, ni sehemu gani ya hasara inayotokana na hewa, na ni ipi inayotokana na ardhi? Pili, ni nani aliyefaidika na kila sehemu? Tatu, ni nani anayeambiwa alipe? Mkiona kwamba aliyetajwa katika swali la tatu hakuonekana kabisa katika swali la pili, msitie sahihi.

Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Huko Bukini msemo huo umekuwa kweli neno kwa neno. Yatupasa kuwauliza fahali.