Mjomba, Mtawala Mwema na Katuni za Zamani za Kijapani

Mwaka uliopita niliutumia kwa namna ambayo baadhi ya wahadhiri wenzangu wameiona kuwa kituko. Kila jioni niliyoipata nilikuwa nikitazama katuni za Kijapani, tena si hizi mpya ambazo wanafunzi wangu huzishabikia, bali zile za zamani, za tangu miaka ya 1970 hadi ya 1990. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu ndiye aliyenijazia diski. Alidai kwamba nikizimaliza nitaacha kulalamika darasani kuwa vijana hawajadili siasa. Nilicheka. Leo sicheki sana.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanyia Mkunya, Newala, nyumbani kwa marehemu mama, wakati wa likizo. Mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, aliketi kando yangu mbele ya kompyuta, nami nikamtafsiria maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha, nikijifanya Lufufu wa vibanda vya video. (Kipaji chake sina. Mpwa alinisihi mara mbili niache kuigiza sauti za wanawake.)

Tulianza na Conan, mfululizo wa sehemu 26 ulioongozwa na Hayao Miyazaki mwaka 1978, kuhusu kijana aliyezaliwa baada ya vita vilivyozamisha mabara. Ni mzuri na mwepesi. Nadhani ulimfurahisha mpwa kuliko ulivyonifurahisha mimi. Ukafuata Gundam wa mwaka 1979, ambao ulikatizwa katika sehemu ya 43 kwa sababu watazamaji walikuwa wachache, ingawa baadaye ulipata umaarufu mkubwa. Humo mna kijana wa miaka 15, Amuro, anayejikuta rubani wa chombo cha vita bila kuulizwa. Sehemu iliyotunyamazisha ni ile anayokutana na mama yake baada ya kutengana kwa muda mrefu. Mama anamwona mwanawe akimpiga risasi askari, na hamtambui tena. Mpwa akauliza kama wapiganaji wa ng'ambo ya Ruvuma, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, walikuwa na umri kama huo. Nikamwambia awaulize wazee, maana wapo Newala wanaokumbuka miaka ile ya 1964 hadi 1974.

Lakini mfululizo uliotugombanisha, na ambao ndio sababu ya makala haya, ni ule unaowahusu mashujaa wa galaksi. Una sehemu 110, zilizotolewa kati ya mwaka 1988 na 1997 kutokana na riwaya za Yoshiki Tanaka. Dola mbili zinapigana. Moja ni himaya, na ndani yake anainuka kijana Reinhard: hodari, mwadilifu, anayewaondoa makabaila wanyonyaji na kuwapa watu wa chini haki ambazo hawakuwahi kuziota. Ya pili ni jamhuri yenye bunge na uchaguzi, ila imeoza. Viongozi wake huhutubia kuhusu uzalendo huku watoto wa wengine wakifa vitani. Jamhuri hiyo inatetewa na Yang, jenerali ambaye alitaka kuwa mwanahistoria na aliingia chuo cha kijeshi kwa kuwa huko historia ilifundishwa bure. Wanafunzi wa mikopo mtamwelewa haraka.

Inafika siku Yang ana uwezo wa kumwangamiza Reinhard. Amri inakuja kutoka kwa serikali yake, ile ile iliyooza, kwamba asitishe mapigano. Anatii. Mpwa alirusha mto ukutani. Kwa nini mtu mwenye akili aitii serikali ya wapumbavu, wakati upande wa pili kuna mtawala anayewafaa watu? Jibu la Yang, kwa muhtasari wangu, ni kwamba jamhuri ikikosea wananchi hujua kuwa kosa ni lao na kulirekebisha ni kazi yao, ilhali mtawala mwema huwaondolea mzigo huo, nao husahau jinsi ya kuubeba.

Nilimweleza mpwa kwamba mjadala huu si wa angani. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchini ikikusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Mwaka 1992 tukapewa vyama vingi. Naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi, na hilo ndilo linalonisumbua: hata demokrasia yetu tuliipokea kutoka juu, kutoka kwa wakubwa waliojua kinachotufaa kuliko tulivyojua wenyewe. Na mwezi Novemba 2018 hapa hapa uwandani, Rais Magufuli alipokataa bei za wafanyabiashara na kutangaza kuwa serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likizisomba, wengi walishangilia. Malipo ya baadhi yao yalipochelewa kwa miezi, hapakuwa na kikao cha kurejea na kuuliza, kwa kuwa uamuzi haukutoka katika kikao chao.

Nilikuwa nikizungumza vizuri mno, kama azungumzavyo mhadhiri. Mpwa akaniacha nimalize, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, mjomba. Mbona na wewe hukutuuliza?"

Nilijua anazungumzia nini. Kwetu Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mwezi Juni mwaka jana, gharama za salfa na vibarua zilipotushinda, niliikodisha mikorosho ya mama kwa mfanyabiashara mmoja kwa misimu miwili. Niliyamaliza yote kwa simu, nikiwa Dar es Salaam. Fedha zile ndizo zilizolipa ada ya huyu huyu aliyeniuliza. Dada yangu, ambaye ameipalilia mikorosho ile miaka yote niliyokuwa masomoni, alipata habari mkataba ukiwa umeshatiwa saini. Hakusema neno, nami kimya chake nikakihesabu kuwa ridhaa.

Nikaanza kumjibu kuwa nilifanya kwa faida yao. Nikasikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwangu kwa sauti ya Reinhard, nikaishia njiani.

Sijui kama nilikosea kuikodisha. Hesabu bado zinaonyesha kuwa bila hivyo mpwa angekaa nyumbani. Lakini miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba matokeo mazuri hayahalalishi uamuzi uliowafungia nje wanaohusika, na sikumbuki hata siku moja nikidhani kuwa somo hilo linaufikia ua wa mama yangu.

Mkataba umebakiza msimu mmoja. Nikirudi mwezi Desemba nitakwenda nao, ukiwa ndani ya bahasha. Dada ameagiza usomwe wote, mstari kwa mstari, mbele ya kila mtu wa nyumba, na kwamba msomaji atakuwa mpwa.